Nusu ya Maneno ya Daktari

Mtu akikuambia kwamba Anastazia wa Mungaa aliponywa na Wazungu wa Nairobi, mwambie binti yake Luciana anasema hapana, umeruka mambo. Wazungu walifanya kazi yao, siwanyimi haki yao. Lakini nusu ya dawa ilikuwa imekwama kooni mwa mume wangu Urbano, na mama ndiye aliyeitoa huko kwa nguvu zake mwenyewe. Nimemsikia mama akisimulia upande wake, nimemsikia mume wangu akisimulia wa kwake, na wote wawili wanapenda kujipunguzia aibu. Kwa hiyo nitasimulia mimi. Anayetaka kubisha abishe.

Mama alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ilitosha kumrudisha ng'ombe aliyeko bonde la pili. Baba alipofariki, mdogo wake, baba mdogo Antipasi, alikuja asubuhi na fimbo yake kuchukua mifugo, eti mjane hawezi kuchunga. Mama hakupiga kelele. Alibeba kigoda akakaa katikati ya mlango wa zizi, akaanza kupeta uwele. Watu wakapita njiani, wakasalimia, wakaona, wakaelewa. Alipeta uwele ule ule mpaka jua likawa la utosi, na baba mdogo akaenda zake bila hata ndama. Huyo ndiye mama yangu. Na huyo baba mdogo mshike vizuri, maana hakusahau.

Ninayoyasimulia yalitokea katika miaka ya mwisho ya Waingereza, vijana wenye kadi za TANU walipoanza kupita vijijini kwetu. Mama alikuwa ameshakoma kuona siku zake zamani sana. Mwaka ule damu ikarudi. Wenzake kisimani walipojua kidogo tu, wakaanza kumtania: "Anastazia, ujana umekurudia! Tukutafutie mchumba?" Naye akawajibu, "Mtafuteni, lakini awe na ng'ombe." Wakacheka wote, yeye akicheka zaidi yao. Akaendelea kuvaa kaniki zake, na kaniki ni nyeusi, haisemi kitu.

Mimi niligundua kwa sababu ya kufua. Mama alikuwa anafua kila siku, na hakuna mtu Mungaa anayefua kila siku wakati wa kiangazi, maji yanatoka mbali. Nikamkalisha chini. "Mama, unaumwa?"

"Nani kakwambia?"

"Kaniki zako."

Akachora chora mchanga kwa kidole. Kisha akasema, "Inatoka kama ya msichana, Luciana. Tangu tuvune. Na sasa kiuno kinaniuma."

Nilimfokea, sikatai. Nilimfokea kwa sababu niliogopa. Kesho yake tulipanda lori la Singida, tukashuka hospitali ya misheni. Pale kulikuwa na muuguzi anaitwa Raheli, msichana wa kwetu, Mnyaturu kabisa. Alikaa kitandani kwa mama akamweleza kwa lugha yetu, bila kuficha: ugonjwa umo ndani ya mji wa mimba, lazima mji wenyewe utolewe. Mama akauliza swali moja tu, kama ataamka. Raheli akasema wengi huamka. "Basi utoeni," mama akasema. "Umeshanizalia niliojaliwa."

Akapasuliwa, akaamka. Kidonda kikafunga vizuri. Tukadhani yamekwisha, na mimi nikaanza kutengeneza togwa ya kumpokea. Kumbe kipande cha ile nyama kilikuwa kimepelekwa kupimwa, na majibu yalipokuja, daktari wa misheni akatuambia ni kansa. Kilichoonekana kimetolewa, alisema, lakini inawezekana mbegu yake imebaki pasipoonekana. Inafaa mama aende Nairobi, kwenye hospitali kubwa yenye mionzi, ili ugonjwa usirudi. Ukirudi, hakuna wa kuupasua tena.

Sasa nani ampeleke? Kaka yangu Melkizedeki alikuwa Tanga kwenye mkonge, na barua zake zilikuwa zimekoma kuja. Mimi tumbo lilikuwa limenifika puani, najifungua wakati wowote. Dada sina. Mama mwenyewe hakujua Kiswahili zaidi ya "jambo" na "asante". Aliyebaki ni Urbano. Alikuwa askari wakati wa vita, alikaa Nairobi, anakijua Kiswahili na Kiingereza cha jeshini, na sasa alikuwa utingo wa malori yanayopita Mkiwa. Ukitafuta mtu wa kukufikisha Nairobi na kukurudisha, ni yeye. Ila alikuwa mkwe.

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hatamtazama usoni. Hatakula mbele yake. Akimwona njiani, anaacha njia anaingia porini. Wakilazimika kusemezana, anaongea na kitu kingine, na mama mkwe anajibu kupitia kitu hicho hicho. Na habari za mwili, hata mafua, hazitajwi. Urbano katika jambo hili alikuwa amezidi. Siku moja alimkuta mama kisimani, akarudi nyumbani bila maji wala ndoo. Ndoo aliiacha huko huko, mwanaume mzima.

Walikwenda hivyo hivyo. Kwenye lori mama alikaa mbele na dereva, Urbano juu ya magunia ya karanga. Akitaka kujua kama mama ana njaa, alimwuliza dereva: "Muulize mkwe kama atakula." Dereva alikuwa Mhindi wa Singida, Kinyaturu hakijui hata neno, na mama alikuwa amemsikia Urbano kwa masikio yake mwenyewe. "Mwambie nitakula," mama akamjibu Mhindi. Yule Mhindi alisafiri mpaka Arusha akiamini amebeba vichaa wawili. Kutoka Arusha walipanda basi, mama mbele, Urbano kiti cha mwisho kabisa, ameinamisha kofia.

Mimi nilijifungua mtoto wa kike wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nanyonyesha huku nalia, maana sikujua mama amefika au amekufia njiani.

Alifika. Wakamlaza wodi ya wanawake. Wauguzi walikuwa Wakikuyu na Waluo, wagonjwa wa kila kabila, lakini Kinyaturu hakuna. Kwa hiyo daktari alipotaka kuzungumza na mgonjwa wake, Urbano akaitwa kutoka nje. Alisimama mlangoni, uso ameuelekeza dirishani. Daktari akisema kwa Kiingereza, muuguzi anageuza kwa Kiswahili, Urbano ageuze kwa Kinyaturu. Na daktari, kwa kweli, alieleza kama mtu anayemheshimu mgonjwa wake. Urbano alikuja kunisimulia baadaye neno kwa neno.

Daktari alisema hivi. Upasuaji ulifanyika vizuri. Lakini ugonjwa huu ukirudi, mahali unapopenda kurudia ni pale ulipokatwa mji wa mimba, juu kabisa mwisho wa njia ya uzazi, kwenye mshono. Pale ndipo pa kulinda. Na njia za kulinda ni mbili. Ya kwanza ni mashine kubwa. Mgonjwa analala chini yake, mionzi inatoka nje, inapita ngozi, inapita tumbo, inaingia nyonga yote. Kila siku ya kazi, kwa wiki tano. Uzuri wake inafika mbali, hata kwenye tezi za pembeni. Ubaya wake inachoma kila inachopita: matumbo yanaharisha, mkojo unawasha, ngozi inababuka.

Njia ya pili ni radiamu. Ni madini, yamefungwa ndani ya kijibomba kidogo. Kijibomba kinaingizwa kwenye njia ya uzazi yenyewe, kinakaa pale pale kwenye mshono siku chache, mgonjwa amelala bila kugeuka, peke yake chumbani, kisha kinatolewa, anakwenda nyumbani. Kinachoma karibu, hakichomi mbali. Matumbo yanapata nafuu. Lakini kama mbegu imekimbilia mbali, radiamu haitaifikia.

"Huyu mama," daktari akasema, "ugonjwa wake haukuwa umechimba sana. Mimi naona radiamu inamtosha. Wenzangu wengine wangempeleka kwenye mashine. Ukweli ni kwamba bado hatuna uhakika ipi inawafaa zaidi wagonjwa kama yeye. Nimewatibu kwa zote mbili, na wa mashine ndio wanaoteseka zaidi. Muulize yeye anataka ipi."

Ndipo Urbano akafungua mdomo. Alitakiwa amwambie mama mkwe wake, kwa Kinyaturu, mbele ya watu, habari ya njia yake ya uzazi na kitu kitakachoingizwa humo. Jasho lilimtoka. Akalitazama dirisha, akaliambia, "Daktari anasema kuna mashine. Mkwe atalala chini yake. Wiki tano."

Basi. Hayo tu. Mama akaitikia kwa kichwa, daktari akadhani amechagua mashine, akaandika, akaenda zake. Nilipoyasikia haya mara ya kwanza nilitaka kumpiga Urbano na mwiko. Lakini nawauliza na ninyi mliolelewa kama yeye: mngelitamka?

Mama hakuwa mjinga. "Yule Mzungu alimwaga maneno debe zima," aliniambia, "mkwe akaniletea kibaba." Alikuwa ameona mikono ya daktari pia. Daktari alinyoosha mkono wa kulia akaeleza, akanyoosha wa kushoto akaeleza. Mambo mawili. Yeye ameletewa moja.

Akaanza kuangalia wodini. Aliona kuna wanawake wanaochukuliwa kila asubuhi na kurudishwa, na hao walikuwa wanakimbilia chooni mpaka wengine wanaanguka njiani. Aliona wengine wanaingizwa chumba cha mwisho, mlango unafungwa, wanakaa humo siku kadhaa, wanatoka wanatembea taratibu, halafu jamaa zao wanakuja kuwachukua. Alimwendea mmoja wa hao, mama wa makamo mwenye masikio yaliyotobolewa makubwa, akamwonyesha kile chumba na kumwuliza kwa mikono. Yule mama akaangalia huku na huku, akajionyesha chini, wazi kabisa, na akanyanyua kidole kimoja kwenda juu. Mama akaelewa. Akaelewa pia kwa nini Urbano alikuwa ametoka jasho.

Jumamosi wakaja kumchora tumbo kwa wino wa zambarau, mistari kulia na kushoto, ili mashine ijue pa kulenga. Ilikuwa aanze Jumatatu. Jumapili saa ya kuwaona wagonjwa, Urbano akaja na machungwa, akayaweka sakafuni, akarudi mlangoni. Mama akayaambia machungwa, "Mwulizeni mkwe, daktari alisema mambo mangapi?"

Urbano akaivuta kofia mpaka machoni.

"Mwulizeni kama kuna dawa nyingine ambayo si mashine."

Urbano akayaambia machungwa kwamba kuna mtu anamsubiri nje, akaondoka. Alikimbia, jamani! Alikaa usiku ule kwa rafiki yake wa jeshini, hakula, hakulala. Alijua anachofanya si kizuri, lakini kila akifikiria lile neno, ulimi ulikuwa mzito.

Jumatatu asubuhi walikuja na kitanda cha magurudumu. Mama akateremka kitandani mwenyewe, akakaa sakafuni, akakunja mikono. Wauguzi wakambembeleza, wakamkaripia. Wapi! Akawa anarudia neno moja tu: "Urbano. Urbano." Hakuwahi kulitamka jina la mkwe wake tangu anioe mimi, na siku hiyo alilitangaza wodi nzima. Muuguzi mkubwa akatuma mtu amtafute huyo Urbano haraka, kwa sababu daktari anasubiri na mashine ina foleni.

Urbano akaja anahema. Akamkuta mama mkwe wake yuko sakafuni na shuka la hospitali. Akageuka ukutani papo hapo.

"Vizuri, geukia ukuta," mama akasema, na safari hii hakuongea na kitu chochote, aliongea naye. "Mimi nimegeukia upande wangu. Hatuonani. Sasa nipe yale maneno mengine."

"Mama, siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Nikiyatamka nitakuwa nimekuvua nguo."

"Nimeshavuliwa!" mama akasema, na sauti ile ya kuita ng'ombe ikatoka. "Daktari wa misheni kanipasua. Huyu wa hapa kaniangalia mpaka ndani. Wauguzi wananichora kama kibuyu. Nani amebaki ambaye hajaniona? Ni wewe peke yako, na wewe ndiye unayeniua!"

Urbano akaanza kulia. Alipigana vita ughaibuni huyu, hakulia, lakini pale alilia, bega likigonga ukuta. Akasema, "Nikisema, ukoo utanitenga. Na nikirudi nyumbani nitakutazamaje?"

Mama alinieleza kwamba hapo hasira ilimwisha, akamwonea huruma kijana wa watu, maana hata yeye mwenyewe alikuwa anaona aibu. Halafu akafanya jambo ambalo sijasikia mwanamke mwingine amelifanya. Akalitamka yeye. Alilitaja lile neno la mwili wake, la Kinyaturu, wazi, kwa sauti, mbele ya mkwe. Siliandiki hapa. Akaongeza, "Wanataka kuweka dawa humo. Sivyo?"

Urbano akaitikia kwa kichwa, akakumbuka haonekani, akasema, "Ndivyo."

"Basi nimeanza mimi. Aibu nimeibeba mimi. Wakikuuliza, waambie mama mkwe ndiye aliyetamka kwanza. Sasa sema."

Akasema. Mwanzoni alikuwa anagugumia, baadaye maneno yakatiririka, ya mashine na ya radiamu, ya matumbo na ya mshono, ya karibu na ya mbali, na kwamba hata daktari hana uhakika. Hakubakiza. Mama akawa anauliza kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

"Ugonjwa wangu ulikuwa umechimba?"

"Anasema si sana."

"Ya nje inachoma matumbo. Matumbo yangu yana ugonjwa?"

"Hajasema yana."

"Na hii ya ndani, kama mbegu imekimbia mbali?"

Hapo Urbano alisita. "Haitaifikia, mama."

"Na ya nje ingeifikia?"

"Labda. Hata yeye anasema labda."

Mama akatazama mistari ile ya zambarau tumboni. Alikuwa mwembamba tangu zamani, na baada ya upasuaji alikuwa amebaki mifupa. Aliniambia aliwafikiria wale waliokuwa wanaanguka njia ya chooni, akajua yeye akiharisha wiki tano hatafika mwisho. Pia alijua anaweza kuwa anakosea, na kwamba akikosea hakuna wa kumlaumu. Akasema, "Mwambie daktari nataka ya ndani. Wachome pale palipougua, waniachie pazima. Na kama ikirudi kwa njia nyingine, nitakuwa nimechagua mwenyewe."

Daktari alipoambiwa, alimgeukia Urbano na kumwuliza kwa nini hakusema mapema. Urbano akamjibu kwa kile Kiingereza chake cha jeshini kwamba mambo ya mama mkwe hayana tafsiri. Daktari hakuelewa, lakini aliagiza mistari ifutwe kwa spiriti, na mama akasema spiriti iliwasha kuliko kisu.

Wakamwekea radiamu. Alilala chali chumba cha mwisho, pamba zimeshindiliwa ndani ili kile kijibomba kisihame, mrija wa mkojo umewekwa, haruhusiwi hata kujigeuza ubavu. Wauguzi waliingia haraka, wakafanya kazi, wakatoka haraka, kwa sababu yale madini yanawachoma na wao. Chakula alilishwa na mtu aliyesimama mbali na kitanda kadiri mkono ulivyofika. Mama hakuwa mtu wa kuogopa upweke, amechunga ng'ombe porini maisha yake yote, lakini alikiri kwamba siku ile ya kwanza alilia. Alijiona kama kitu kilichooza ambacho watu hawataki kukisogelea.

Halafu akasikia mtu anakohoa nje ya dirisha. Urbano alikuwa amesimama uwanjani, mbali kama walivyomwamuru, mgongo ameuelekeza kwa dirisha. Akaanza kuongea. Hakuongea na ukuta wala machungwa. "Mama, mimi nipo," akasema. Akamsimulia habari za vita, za meli waliyopanda, za mvua ya kule ambayo haikatiki, za mwenzake aliyepika mlenda wa majani asiyoyajua, kikosi kizima kikavimba midomo. Mama alicheka mpaka muuguzi akaja kumfokea asitikisike. Kila siku alikuja, mpaka kijibomba kikatolewa. Mume wangu huyo, ambaye kwangu jioni husema maneno matatu na kulala!

Walirudi. Mama alikuwa na maumivu ya mkojo kwa muda, akapona. Miezi ikapita, akapimwa misheni, hakuna kitu. Mwaka ukapita, hakuna kitu. Mjukuu wake akaanza kutembea, na mama akarudi kuchunga.

Lakini mama hakuweza kufunga mdomo. Alisimulia kisimani kila kitu, na jinsi Urbano alivyogonga ukuta na bega, wanawake wakacheka mpaka wakamwaga maji. Habari ikamfikia baba mdogo Antipasi. Loo, alifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe. Akaitisha kikao cha ukoo uani kwake. Mashtaka: Urbano ametaja uchi wa mama mkwe wake, ameunajisi ukoo. Alipe ng'ombe wa kusafisha, na mimi Luciana nirudishwe nyumbani kwetu mpaka atakapolipa. Mimi na watoto wangu! Nilikuwa nimesimama nyuma na mtoto mgongoni, damu inanichemka, nikajisemea akinigusa mtu leo nitamng'ata.

Urbano alisimama katikati, kichwa chini. Baba mdogo akamwuliza, "Ulitamka au hukutamka?"

"Nilitamka, baba."

Mama alikuwa amemwelekeza awatajie aliyeanza. Hakumtaja. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa, na nasema wazi.

Mama akainuka. "Nilianza mimi," akasema. "Urbano ananisitiri, na mimi sitaki kusitiriwa." Na pale pale, mbele ya wazee, mbele ya wakwe na watoto, akalitamka lile neno tena. Wazee wakashika vichwa. Mwingine akainuka kuondoka. Mama akamwambia, "Kaa! Sijamaliza. Damu ilinirudia nikiwa nimeshakoma. Wenzangu wakasema ni ujana. Nikacheka nao, nikaficha kwenye kaniki, na huku nilikuwa naoza. Mwanamke aliyekoma akiona damu, hata tone, huo si ujana. Aende hospitali. Kama niko hai leo ni kwa sababu mkwe wangu alikubali kuaibika. Sasa Antipasi, kama ni ng'ombe unataka, nitoze mimi. Zizi langu unalijua mlango wake."

Watu wengine wakacheka kwa woga. Baba mdogo akanyanyua fimbo, akafungua mdomo kumjibu.

Kabla hajasema, mke wake Cecilia akasimama. Alikuwa amekaa na wanawake karibu na mlango wa tembe, mwanamke mnene, mpole, ambaye sijawahi kumsikia akiongea kikaoni. Alishikilia nguzo. Alisema taratibu, "Mimi pia."

Baba mdogo akamgeukia. "Wewe pia nini?"

"Natoka damu. Tangu masika. Nimeogopa kukwambia."

Baba mdogo Antipasi alimtazama mke wake kwa muda mrefu, fimbo bado iko juu. Akaishusha. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona ameogopa. Akageuka kwa Urbano, ambaye alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja akisubiri hukumu.

"Mwanangu," akasema, "lori la kwenda Singida linapita saa ngapi?"